Rika la Kimbunga

Machi 15, 1954. Kitale

Kuanzia leo nitaandika tarehe. Kipketer, fundi wa kuandika vibao hapa mjini, ameniambia kwamba anayejifunza kuchora bila kuweka tarehe hawezi kujua kama anasonga mbele au anarudi nyuma. Basi tarehe ndiyo hiyo, na hali yangu ni hii: mimi Festus Wekoye, miaka ishirini na sita, karani wa kupiga taipu katika ofisi ya habari, sijui kuchora hata kuku.

Tatizo ni kwamba asubuhi nilisema najua. Ofisi yetu hutoa gazeti dogo kila mwezi, linaitwa Jembe, kurasa nne za kuchapwa kwa mashine ya rola. Mzungu wetu, ambaye tunamwita Bwana Habari akiwa hayupo, anataka ukurasa wa nyuma uwe na hadithi ya picha kwa watu wanaoanza kusoma. Shujaa mmoja mwenye nguvu kupita binadamu, na maneno machache. "Nani naweza chora?" akauliza. Mkono wangu ukainuka kabla sijauruhusu.

Amenipa mpaka toleo la Agosti. Watu wakimkubali shujaa, nitatolewa kwenye taipu niwe mchoraji wa ofisi. Wakimkataa, ukurasa utapewa matangazo ya josho la ng'ombe, nami nitaendelea kugonga taipu mpaka mgongo upinde. Sijawahi kutaka kitu namna hii, na inanitisha kidogo.

Machi 17

Somo la kwanza. Kipketer alikuwa askari Burma, kazi yake kupaka namba kwenye malori ya jeshi, na huko aliona vijitabu vya picha vya askari wa Kimarekani, watu wanaoruka juu ya nyumba na kuinua treni kwa mkono mmoja. Alivimaliza vyote bila kujua neno la Kiingereza. Siku hizi anaandika majina ya maduka na hoteli, na rangi haimtoki kwenye kucha hata Jumapili.

Aliponiona nimeanza na nyusi alininyang'anya penseli.

"Wewe karani unajenga nyumba kuanzia dirisha. Sikia. Kwanza ni msitari moja tu. Kama shujaa anakimbia, msitari inalala mbele. Kama anaruka, inapinda kama upinde. Halafu juu ya msitari unaweka mifupa. Halafu duara ya kichwa, na msalaba ndani ya duara, ndio macho ikae sawa. Nyama ni mwisho kabisa."

Kisha vipimo. Mtu wa kawaida ana urefu wa vichwa saba, shujaa vichwa vinane. Mabega mapana vichwa vitatu, kiuno chembamba, kifua kama herufi V. Mstari wa nje uwe mnene, wa ndani mwembamba. Nikauliza kama shujaa hawezi kusimama tu, maana kusimama kulionekana rahisi.

"Kusimama ni kazi ya nguzo ya simu," akasema.

Machi 18

Maduara.

Machi 19

Maduara. Viganja vimenishinda, vidole vinatoka kama chane la ndizi. Nimewachora watu sita na wote wameficha mikono nyuma ya mgongo. Kipketer amenigundua mara moja.

Machi 22

Vumbi. Mvua bado. Kila mtu anayepita ofisini anauangalia mlima kwanza, kisha ndiyo anasalimia.

Machi 27

Shujaa ana jina, Kimbunga. Nilimchora na kitambaa usoni chenye matundu mawili ya macho, kama wale mashujaa wa vijitabu alivyoviona Kipketer huko Burma. Bwana Habari akachukua kalamu nyekundu.

"Hapana funika uso. Sasa watu nafunika uso ni watu mbaya." Akatazama dirishani, kana kwamba wako pale nje. Mwaka huu wa hali ya hatari, serikali ikiwawinda waasi msituni, hata picha inaulizwa pasi. Nimemfunua uso na kumchora jembe kifuani. Joho nililomvika mgongoni hakuligusa.

Aprili 6

Mvua imekuja usiku mzima na mji mzima umeamka ukitabasamu. Mimi nimeamka na hofu, maana leo nimechora kwenye stensili kwa mara ya kwanza. Ni karatasi ya nta, unaichora kwa kalamu ya chuma isiyo na wino, na ukikosea hakuna kufuta. Kuna dawa nyekundu ya kuziba makosa. Nimetumia nusu chupa.

Aprili 10

Toleo la kwanza limetoka. Kimbunga anashika daraja la Nzoia lisichukuliwe na mafuriko. Nililala na nakala moja kando ya mto wa kichwa, siwezi kukana.

Asubuhi alikuja Jeruto, mama anayetuletea maziwa ofisini. Anajifunza kusoma na wanawake wa kanisa, na husoma kwa kidole, polepole, akiyaita maneno kama anaita ng'ombe mmoja mmoja. Nikampa ukurasa wa nyuma. Akafika kwenye picha ya tatu, ambapo nilimchora Kimbunga uso tu ili hasira yake ionekane, na kidole kikasimama.

"Nani amekata huyu?"

"Hakukatwa, mama. Hapo tumemsogelea karibu."

"Mimi nikikusogelea wewe, miguu yako inaenda wapi?"

Akaendelea mpaka mwisho, akarudi kwenye joho. "Na hii blanketi? Si ako na homa, maskini?"

Nilicheka naye, lakini alipoondoka nilinuna mpaka saa sita. Kuanzia sasa kila mtu atakuwa na miguu yake.

Aprili 18. Pasaka

Baba aliandika kutoka Bungoma kwamba nije tule sikukuu pamoja. Nimemjibu kwamba kazi ni nyingi. Ofisi imefungwa tangu Alhamisi.

Mei 3

Watu wote mashambani. Kitale imebaki na makarani na mbwa.

Mei 8

Toleo la pili. Kimbunga analitoa lori la mahindi kwenye tope, dereva akiwa bado amelala ndani. Kipketer ameutazama mguu wa kushoto kwa muda, akasema, "Hii sasa ni mguu." Sijui kama nimewahi kusifiwa vizuri zaidi ya hapo.

Mei 22

Niandike polepole, maana nimerudi nikiwa na uchungu.

Nilitumwa Kiminini kugawa Jembe kwa mkono na kusikiliza watu wanasemaje. Mvua ilitukusanya kwenye baraza la duka, watu kama thelathini. Kijana mmoja akasoma kwa sauti, na lori lilipotoka kwenye tope walicheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia. Nilisimama nyuma nikijifanya sijui nani kachora. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Ndipo mzee mmoja mwenye koti la jeshi akachukua karatasi, akaitazama mbele na nyuma.

"Huyu Kimbunga," akauliza, "alitahiriwa mwaka gani?"

Msomaji akanitazama mimi, kumbe alikuwa anajua.

"Ni wa kuchora tu, mzee," nikasema.

"Hata wa kuchora ana kwao. Hapa chini anatuambia tupande mahindi kwa mistari. Vizuri. Mimi ni wa rika ya Kikwameti. Nitafundishwa na mtu ambaye sijui rika yake? Pengine ni mtoto tu, mtoto mkubwa."

Hakusema kwa ubaya. Lakini wale waliocheka walikitazama tena kifua cha Kimbunga, na niliona kwa macho yangu jinsi alivyopungua. Mwanaume wa vichwa vinane akawa mvulana mrefu.

Kinachoniudhi ni kwamba mzee alikuwa sahihi. Kwetu Bungoma wavulana hutahiriwa Agosti, mwaka mmoja ndiyo na mwaka mmoja hapana, na kila mwaka una rika lake. Kwa rika ndiyo unajua utamsalimu mtu vipi, utamtania au utamwachia kiti. Mgeni angesahau bila lawama. Mimi ni mtu wa huko huko, na nimempa mtu misuli, jembe na blanketi, nikaacha kumpa mwaka.

Mei 24

Na sidhani kwamba nilisahau. Nadhani nilikwepa.

Juni 5

Toleo la tatu. Kwenye kona nimeandika kwa herufi kubwa: KIMBUNGA NI WA RIKA LA NYANGE, MWAKA 1948. Jambo limekwisha.

Juni 11

Jambo halikwisha. Barua kumi na nne, kumi na moja kutoka Bungoma. Wale wa mwaka 1948 wamekuja juu. Mmoja ameandika majina ya wote waliosimama naye mbele ya kisu kwenye kijiji chake na kuuliza Kimbunga alikuwa nyumba gani. Mwingine anauliza ni mto upi alipakwa matope alfajiri ya kisu, na mjomba wake ni nani. Barua moja ina mstari mmoja tu: "Nani alimwona?"

Nilidhani mwaka ni kitu cha kuandika. Kwao ni kitu cha kushuhudiwa, na mimi nimemletea mtu mwaka bila shahidi hata mmoja. Bwana Habari amefurahi kwa sababu barua ni nyingi. Hawezi kuzisoma.

Juni 12

Leo kwenye mashine ya kusaga, mtu wa kwetu anayepima mahindi pale alisema mbele ya foleni nzima: "Msimsumbue Kimbunga. Mwulizeni mchoraji. Yeye alilala kwa kitanda ya hospitali na shuka nyeupe. Atajua kusimama wapi?"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, ndilo linaloniuma zaidi.

Juni 13. Jumapili

Mvua. Sikwenda kanisani. Niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Mwaka 1942 nilikuwa na miaka kumi na minne na zamu yangu ilikuwa imefika. Rafiki zangu walizunguka kwa wajomba zao kualika watu, kengele za chuma zikilia mikononi, wakicheza mpaka miguu ikavimba. Mimi nilikuwa nimezificha zangu chini ya majani ya ndizi. Wiki moja kabla ya Agosti baba akaniamsha alfajiri, akaniambia nivae shati safi. Tulitembea bila maneno mpaka hospitali ya misheni. Nikalazwa, nikapigwa sindano, nikafunikwa macho na nesi ili nisione. Niliporudi nyumbani hakukuwa na mtu wa kunipokea, maana hakukuwa na kitu cha kupokea.

Rafiki zangu walisimama. Rika lao ni Kinyikeu, wananiambia mimi pia ni Kinyikeu, na wanapolisema hilo mdomo wao unapinda kidogo. Baba ni mzee wa kanisa, na nilijua kwamba alifanya vile kwa ajili ya kanisa, aonekane mtu wa maendeleo. Alinunua sifa yake kwa sifa yangu. Nimekuwa nikiamini hivyo kwa miaka kumi na miwili, na nimemwandikia barua fupi kwa miaka kumi na miwili.

Juni 15

Nimeamua. Ukurasa wa Agosti utakuwa ujana wa Kimbunga, siku aliposimama. Bwana Habari alifikiri, akasema, "Kama watu nataka, chora. Lakini hapana ngoma, hapana damu, hapana kisu." Ukitoa hivyo vyote kinabaki kitu kimoja, mtu amesimama.

Juni 18

Nimechora Kimbunga amesimama. Anafanana na nguzo.

Juni 21

Amesimama. Anafanana na askari wa gwaride anayesubiri kupiga saluti.

Juni 26

Nimeulegeza mwili. Sasa anasubiri basi.

Julai 3

Toleo la nne limetoka, Kimbunga na panya wa ghalani. Nililichora kwa siku moja bila moyo. Jeruto amelisoma lote bila kusimama hata mara moja, wala hakuuliza kitu. Nilimpongeza kwa kusoma vizuri. Akasema, "Leo ilikuwa rahisi. Hakuna mtu ndani."

Julai 6

Mvua ya mawe. Mahindi yamechanika majani lakini yatapona.

Julai 10

Nimechora maiti mbili.

Julai 14

Nimemwendea Kipketer. Yeye pia ni mtu wa jando, upande wa Wanandi, na alisimama. Nikamwomba anieleze mwili unakuwaje. Alikuwa juu ya ngazi anaandika HOTELI, amebakiza LI. Akamaliza LI, akashuka, akasafisha brashi kwa mafuta ya taa bila haraka.

"Karani, nimekufundisha yote naweza. Lakini mambo ya jando yetu hatutoi nje, hata kwa rafiki. Mimi nilikuambia shujaa lazima alale mbele, akimbie, aruke. Hiyo ni shujaa ya Wamarekani. Hii unatafuta sasa, ushujaa yake ni kutosonga. Sijaona mtu anachora hiyo."

"Sasa nifanye nini?"

"Uko na baba, ama hauna?"

Julai 22

Kengele zimeanza kulia barabarani. Mwaka huu ni zamu.

Julai 29

Stensili inatakiwa mezani tarehe nne Agosti. Nimechora Kimbunga amesimama mara arobaini na moja. Kesho kutwa nakwenda Bungoma.

Julai 31. Bungoma

Basi lilikwama mara mbili baada ya Kiminini, tukashuka kusukuma. Njia yote tulikuwa tunawapita wavulana wenye kengele, vifua wazi, vumbi la unga usoni, wakikimbia kando ya barabara na watu nyuma yao wakiimba. Mmoja alinitazama kupitia dirishani na nikageuza uso wangu.

Nilimkuta baba barazani anakaza miguu ya kiti. Tangu mama afariki anatengeneza viti ambavyo havijavunjika. Koti la kanisa lilikuwa bado mwilini, walikuwa na kikao. Akanikaribisha, akaniuliza habari za njia, akaniletea chai mwenyewe. Matoleo yote manne ya Jembe yalikuwa dirishani. Mwalimu wa shule humletea.

"Kimbunga wako amepata maneno," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Hata kikao cha leo waliniuliza. Niliwaambia sijui."

Nilikuwa nimejipanga kuzungumza taratibu. Badala yake kikatoka chote kwa mara moja. Nilimwambia kwamba nimechora mara arobaini na moja na siwezi, na sitaweza, kwa sababu siwezi kuchora kitu alichoninyima. Kwamba nachekwa kwenye foleni ya kusaga unga kwa sababu yeye alitaka kusifiwa na wamisheni. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Sauti yangu ilikuwa juu, na jirani alisimama kwenye ua wake.

Baba akaweka nyundo chini. Akainama akafungua viatu, kimoja, kingine, akavipanga ukutani. Akakunja suruali mpaka magotini. Mvua ilikuwa imetoka kukatika na uwanja ulikuwa matope matupu. Akashuka, akaenda katikati, koti la kanisa likiwa mwilini, akanigeukia. Akatanua miguu kidogo, akaweka mikono kiunoni, akainua macho juu ya paa la nyumba.

"Chora," akasema.

Nikachukua penseli.

"Usianze na uso. Uso mtu anaweza kuufundisha. Angalia vidole vya miguu."

Nikaangalia. Vidole vyake vilikuwa vimeingia ndani ya matope na kushika, kama mkono unavyoshika mpini. Kutoka hapo nguvu ilipanda kwenye mashavu ya miguu, ikafika kiunoni, ikaishia hapo. Mabega yalikuwa mepesi. Tumbo lilipumua polepole. Nikaona kwamba mara zote arobaini na moja nilikuwa nimeweka nguvu kifuani, kwa sababu ndipo mashujaa wanapowekwa. Ule mstari wa Kipketer ulikuwepo, ila haukulala mbele wala nyuma. Ulikuwa unashuka.

Nilikuwa nimefika magotini alipoanza kusema, bila kushusha macho.

"Mukhisa alisimama hivi."

Jina hilo halitajwi nyumbani kwetu. Ni kaka yangu, kifungua mimba wao. Nilikuwa na miaka sita, nimepelekwa kukaa kwa bibi, na niliporudi niliambiwa kwamba Mukhisa alikufa kwa homa. Sikuuliza zaidi, na hakuna aliyeongeza.

"Mwaka wa thelathini na nne," akasema baba. "Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alisimama mpaka shangazi zake wakanyamaza. Hakupepesa. Watu hawakumbeba yeye, walinibeba mimi, nikazungushwa uwanja huu, hapa. Siku ya saba kidonda kikaharibika. Siku ya tisa homa. Mama yako akasema tumpeleke hospitali. Nikamwambia, mtoto aliyesimama vile apelekwe kwa sindano, watu watasemaje? Siku ya kumi na tatu tukamzika."

Niliiweka penseli chini.

"Usiache," akasema. "Mimi ni mzee, nitachoka. Chora."

Nikachora. Sikuona vizuri karatasi.

"Ulipofika wewe sikuuliza tena watu watasemaje. Walisema. Ndugu zangu hawakula kwangu miaka miwili. Wanasema mpaka leo, na sijawajibu. Wewe pia unasema, kwa zile barua zako fupi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilimwua kaka yako kwa ajili ya sifa?"

Nimekuwa nikimchukia mtu ambaye hayupo. Yule mzee wa kanisa anayetafuta kusifiwa na wamisheni nilimchora mwenyewe, na huyo tu ndiye niliyemchora kwa urahisi. Huyu aliyekuwa mbele yangu ndani ya matope alikuwa na machozi yanayoshuka mpaka kwenye kola ya koti, na mikono haikuondoka kiunoni kuyafuta. Nilimaliza vidole vya mguu wa kulia, kisha nikaenda nikamshika mkono tukarudi barazani. Nilimwosha miguu.

Tulipokuwa tunakula aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Utamwandikia mwaka gani?"

"Sijui, Papa. Mwaka wowote nitakaouandika, wataniuliza nani alimwona."

"Andika 1934. Akiuliza mtu nani alimwona, andika jina langu, Wekoye wa Bungoma alimwona."

Agosti 4. Kitale

Nimeikata stensili. Dawa nyekundu nimetumia mara moja, kwenye kidole gumba. Kipketer alikuja kutazama, akasimama nyuma yangu muda mrefu, akaondoka bila kusahihisha kitu. Bwana Habari aliigeuza huku na huku.

"Hii nafanya nini?"

"Amesimama, bwana."

"Nasimama tu?"

"Anasimama tu."

Akatafuta ngoma, damu na kisu, asivione, akatia sahihi.

Agosti 7

Toleo la tano. Picha ni moja tu, imejaza ukurasa mzima, na chini yake: KIMBUNGA, MWAKA 1934. WEKOYE WA BUNGOMA ALIMWONA. Jeruto amesoma mstari huo, kisha kidole chake kikapanda juu kwenye miguu, kikakaa hapo. "Huyu ameshika chini," akasema.

Agosti 14

Kiminini. Yule mzee mwenye koti la jeshi alikuwepo. Alisomewa, akaomba asomewe tena jina la shahidi. "Wekoye namjua," akasema. "Basi nilikuwa namwita mtu mtoto." Akaikunja karatasi akaitia mfuko wa ndani. Hakuna aliyeuliza mwaka tena. Waliuliza mwezi ujao Kimbunga atafanya nini.

Agosti 17

Taipu yangu imepewa karani mpya. Mimi nimepewa meza karibu na dirisha. Nilifikiri nitaruka kwa furaha, lakini niliketi tu, nikiwaza kama baba amepata nakala yake.

Agosti 22. Jumapili. Bungoma

Nimempelekea mwenyewe. Alikuwa anatoka kanisani, na watu walimzunguka, wengine rika lake, na ndugu yake mmoja ambaye hawajazungumza sawasawa tangu 1942. Walikuwa wakiulizana kuhusu Kimbunga kama mtu wa kijiji cha pili. Ndugu yake aliniuliza vidole vile nilivitoa wapi. Nikamwonyesha baba kwa kichwa. Akamtazama, akatazama chini, akasema atakuja Jumanne kula.

Nyumbani baba alikaa na ukurasa magotini. Nikamwuliza kama niendelee kumchora au imetosha, maana sasa najua ni nani, na sitaki kumchezea.

"Mwezi ujao utamchora anafanya nini?"

"Bwana Habari anataka mambo ya mbolea."

Baba akaguna. Akaupitisha mkono juu ya karatasi, kuinyoosha, ingawa haikuwa na mkunjo.

"Leo angekuwa na miaka thelathini na mitano," akasema. "Mwanaume wa miaka hiyo hawezi kuzunguka peke yake akiinua malori. Mjengee nyumba, Festus. Mpe mke mzuri. Mpe na watoto."

Nikamwambia nitampa.